Hela ya Bibi: Namna ya Kuitambua Sarafu ya Kale



Likizo iliyopita bibi yangu, mkazi wa Mutakura, alifungua pindo la kitambaa chake akanionyesha sarafu ya shaba aliyoachiwa na mama yake. Jirani mmoja alikwisha kumwambia kuwa ni ya kaisari wa Roma, na kwamba ikiuzwa itatosha karo ya wadogo zangu wawili. Basi nyumba nzima ikanitazama mimi msomi.

Kwa haraka yangu niliisugua kwa mchanga na limau ipate kung'aa. Nilikosa sana. Sarafu ya kale huoshwa kwa maji matupu na kufutwa kwa kitambaa laini; ukiisugua, maandishi nayo huondoka.

Baadaye ndipo nilipofuata utaratibu huu:

Kwanza, tazama umbo. Warumi waligonga sarafu zao kwa nyundo, moja moja. Mara nyingi ukingo hauko sawa na picha imekaa upande. Yangu ilikuwa duara kamili, kazi ya mashine.

Pili, tazama picha. Sarafu za shaba za makaisari kwa kawaida zina kichwa cha kaisari au cha mtu wa jamaa yake. Yangu ilikuwa na taji tu, na nyuma yake shada la majani.

Tatu, soma herufi. Kwenye za Kirumi utaona IMP, CAES na AVG, na kwenye nyingi za shaba S C, yaani kwa amri ya Seneti. Lakini jihadhari! Rupia ya fedha ya Wajerumani nayo ina neno IMPERATOR, kwa kuwa jina la mfalme wao, Wilhelm wa Pili, liliandikwa kwa Kilatini. Yangu ilisomeka DEUTSCH OSTAFRIKA, na 1 HELLER.

Nne, tafuta mwaka na mahali. Warumi hawakujua tarakimu hizi zetu. Yangu ilianza na 19. Mbili za mwisho ndizo nilizozifuta kwa mchanga. Herufi ndogo J ni alama ya Hamburg, A ni ya Berlin. Ukiona T, ni Tabora, zilikotengenezwa mwaka 1916 wakati wa vita.

Heller zilianza mwaka 1904, mia moja kwa rupia, mahali pa pesa 64 za zamani. Zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo bei yake ni ndogo.

Nilimweleza bibi kweli yote, ingawa ulimi ulikuwa mzito. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hiyo heller, si ndiyo amahera?"

Naam, ndiyo. Kirundi kilipata amahera, na Kiswahili hela, kutoka neno hilo hilo.

Bibi akaifunga tena pindoni. "Basi, mjukuu wangu," akasema, "jina la hela tunalo, hela yenyewe tukaitafute."

Kesho yake alfajiri alikuwa jikoni akikanda unga wa maandazi ya kuuza.