Theluji inayohesabiwa kama maji: tatizo moja la tafsiri

Katika kozi ya tafsiri nilipewa habari ya Kiingereza juu ya ukame wa California, Marekani. Ilieleza kwamba tarehe 1 Aprili 2015 theluji ya milima ya Sierra Nevada ilikuwa asilimia 5 tu ya wastani wa siku hiyo. Gavana Jerry Brown, akisimama juu ya majani makavu huko Phillips Station, aliamuru matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25. Mimi niliandika: «Barafu ya milima imeyeyuka.» Mwalimu akaikata sentensi yote kwa wino mwekundu, na hakukosea.

Kosa langu lilitoka nyumbani. Nimekulia Beni, siku mbingu ikitakata tunaiona Ruwenzori. Barafu yake hukaa mwaka hata mwaka, ingawa tangu mwanzo wa karne ya 20 imepungua sana. Lakini mito inayoshuka kwenda Semuliki inaitegemea kidogo mno. Inalishwa na mvua. Kwetu mvua ikinyesha, maji yapo.

Sierra Nevada si hivyo. Huko mvua huja miezi ya baridi, na kiangazi chote karibu hainyeshi. Theluji ndiyo inayoyashika maji ya baridi juu mlimani, kisha inayaachia polepole kuanzia Aprili hadi Julai, wakati mashamba yana kiu. Karibu asilimia 30 ya maji ya California hutoka humo. Sasa, katika baridi ile ya mwisho kabla ya amri ya gavana, hewa ilikuwa na joto lisilo la kawaida. Sehemu kubwa ya kilichoanguka milimani kilikuwa mvua, kikatiririka mara moja. Kwa hiyo hata kitenzi changu kilidanganya: theluji nyingi haikuyeyuka, haikupata kuwapo.

Na lile neno barafu? Limetoka Kiajemi, ambako maana yake ni theluji yenyewe, lakini kwetu ni kile kigumu cha kwenye frigo. Theluji tumeipata kwa Waarabu, na wengi wetu tunaijua kwa vitabu tu. Wakonzo, walioko chini ya mlima wenyewe, wana nzururu, ndiyo iliyomo katika jina Rwenzururu.

Kilichonisaidia ni kusoma namna theluji inavyopimwa. Kimo chake hakitoshi, kwa kuwa theluji laini ina maji machache kuliko iliyoshindiliwa. Mpimaji huchoma bomba mpaka chini, hulitoa limejaa, hulipima uzito, ndipo anajua ni maji kiasi gani. Bomba hilo lilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na James Church, huko Mount Rose, Nevada. Kazi yake chuoni ilikuwa kufundisha Kilatini! (Wenzetu wa fakulte ya sayansi wasome hapo mara mbili.)

Basi nikaandika upya: «Akiba ya theluji milimani ilikuwa asilimia 5 ya wastani.» Mwenzangu mmoja anaipinga. Anasema akiba huwekwa na mtu kwa makusudi, na theluji haikuwekwa na yeyote. Yeye anataka «lundo la theluji». Ila lundo halinionyeshi mkulima anayengojea maji mwezi wa Julai. Nimebaki na akiba.