Kibao Mkononi: Mtoto Aonyeshe Alivyofikiri
Kijitabu cha walimu na wazazi wa Kisiwa cha Mombasa na Mji wa Kale

Hesabu ya mahamri

Mahamri 4 yanauzwa shilingi 60. Mahamri 7 ni shilingi ngapi? Mwalimu akiuliza hivi, mikono mitatu minne hunyanyuka, ya wale wale wa kila siku. Mmoja hujibu 105, somo likaendelea. Waliobaki walifikiri nini, hajui mtu.

Sasa mpe kila mtoto kibao cheupe, kalamu ya kufutika na kitambaa. Wape dakika mbili, kisha sema: "Inueni!" Mmoja ametafuta bei ya hamri moja, 15, akazidisha kwa 7. Mwengine amechora mafungu manne ya shilingi 15, akaongeza mengine matatu: 60 na 45. Na hapo nyuma wapo walioandika 63. Hawa hawakubahatisha. Wameona 4 imekuwa 7, yaani imezidi 3, nao wakaongeza 3 kwenye bei. Mwalimu akiliona hilo, anajua pa kushika: awaulize hamri moja lingekuwa shilingi ngapi. Alama ya kosa daftarini isingemwambia kitu.

"Umefikaje hapo?"

Kibao peke yake hakifundishi. Kazi hasa ni ya swali hili. Muulize hata aliyepata, maana wapo wanaopata kwa kuchungulia kwa jirani. Ukiuliza waliokosa tu, darasa litajua kwamba kuulizwa ni kuaibishwa, na vibao vitaanza kuinuliwa kwa kuchelewa.

Chukua vibao vitatu vyenye njia tofauti, uvisimamishe mbele bila kutaja wenyewe, na uwaache watoto wajadili. Kisha nyamaza. Kimya hicho humtisha mwalimu zaidi kuliko mwanafunzi, lakini ndani yake ndimo mtoto anamopanga maneno. Na akieleza kwa Kimvita cha nyumbani, mwache amalize. Sera ya Kenya yenyewe inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Kurekebisha sarufi katikati ya hesabu ni kuua hesabu.

Ubao si mgeni hapa

Katika vyuo vya Kurani vya pwani, watoto waliandika aya kwa wino kwenye mbao, wakahifadhi, wakaosha, wakaandika nyingine. Ubao ule ulikuwa wa kunakili na kukariri, na kwa kazi hiyo ulitosha. Kibao hiki tunachokisema ni cha kujaribu, kukosa na kufuta. Daftari huweka kosa hadi mwisho wa mwaka, ndiyo maana mtoto mwoga haandiki humo ila anachokijua.

Wala kumtaka mtoto aeleze kazi yake si jambo la jana. Mpango wa chekechea za madrasa, ulioanza hapa Pwani miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ukafika Zanzibar 1990 na Uganda 1993, ulimfundisha mtoto kupanga, kutenda, kisha kusimulia alichotenda. Mtaala wa umilisi ulioanza kote nchini 2019 nao unataja mawasiliano na ushirikiano, pamoja na uwazaji kina na utatuzi wa matatizo. Umilisi huo haupimwi kwa mkono mmoja ulionyanyuka.

Vifaa

Si lazima kununua vibao vya dukani. Karatasi nyeupe ngumu ndani ya jaketi la plastiki la kuwekea hati inatosha. Seremala akibakisha vipande vya ubao wenye uso mweupe wa kung'aa, omba. Piga msasa kingo zisikate watoto. Vitambaa vya kufutia ni mabaki ya leso kutoka kwa mafundi cherehani.

Chunga kalamu. Nunua zilizoandikwa kuwa ni za ubao mweupe. Za wino wa kudumu zitaharibu kibao. Hilo likitokea, pitisha kalamu ya kufutika juu ya maandishi hayo na upanguse mara moja. Mara nyingi hutoka. Kalamu iliyoachwa wazi hukauka, kwa hivyo teua mtoto wa kuhakikisha vifuniko vimefungwa, na zilaze, usizisimamishe.

Kamati za shule zinapopanga matumizi ya muhula ujao, ziweke fungu la kalamu, maana huisha mapema kuliko vibao.