Je, serikali ikishindwa na mwekezaji inaweza kukata rufaa?

Swali: Naishi Chienge, jirani na mpaka wa Kongo. Serikali ikishindwa na mwekezaji wa kigeni katika usuluhishi wa kimataifa, haiwezi kukata rufaa?
*Msomaji, Chienge, Zambia*

Jibu: Katika ICSID, kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia kilichopo Washington, rufaa haipo; kifungu cha 53 cha mkataba wake wa 1965 kinaikataza. Kilichopo ni ombi la kubatilisha tuzo, yaani uamuzi wa jopo la wasuluhishi, kwa sababu 5 tu: jopo kuundwa isivyostahili, kuvuka mamlaka waziwazi, rushwa, kukiuka vibaya misingi ya taratibu, au kutotoa sababu.

Mfano uko kwa jirani zenu. Mwaka 1999 wanajeshi walifunga ofisi ya wakili Mmarekani, Patrick Mitchell, mjini Kinshasa, wakachukua nyaraka. Mwaka 2004 jopo la ICSID lilimpa fidia ya dola 750,000. Kongo iliomba tuzo ibatilishwe, na Novemba 2006 kamati ya watu 3 ikaifuta: jopo halikueleza vya kutosha kwa nini ofisi ya uwakili ihesabiwe kuwa uwekezaji.

Tanesco, shirika la umeme la Tanzania, halikufanikiwa. Ombi lake dhidi ya tuzo ya 2016, iliyoipa ushindi benki ya Standard Chartered ya Hong Kong, lilikataliwa 2018.

Hapo ndipo penye uchungu: jopo likikosea kutafsiri sheria, kosa hilo peke yake halitoshi kufuta tuzo, na mlipakodi ndiye anayelipa. Tangu 2017 nchi zinajadili katika Umoja wa Mataifa mageuzi ya usuluhishi huu, kikiwemo chombo cha rufaa. Serikali zetu zisikose vikao hivyo, na zisome kila mkataba wa uwekezaji kabla ya kutia saini.