Kuhesabu Siku za Mimba ya Mbwa

Vitabu vingi husema kwamba mbwa jike huchukua mimba kwa muda wa siku 63. Mfugaji aliyeandika tarehe ambayo mbwa wake alipandwa huitegemea sana idadi hiyo. Siku ya 63 ikipita bila dalili ya uchungu huingiwa na hofu, na pengine humwita daktari wa mifugo na kumsihi ampasue mbwa huyo. Huenda hofu yake ni ya haki. Lakini yawezekana pia kwamba watoto walio tumboni wamebakiza siku nne au tano, na mapafu yao hayajawa tayari kuvuta hewa. Wakitolewa siku hiyo hawana matumaini makubwa ya kuishi. Kwa upande mwingine, yuko mfugaji ambaye husubiri kwa utulivu siku ya 63 hali siku halisi ya kuzaa imekwisha pita, na watoto wanafia ndani. Makosa hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kudhani kwamba siku ya kupandwa na siku ya kutungwa mimba ni siku moja. Kwa ng'ombe dhana hiyo haina madhara, kwa sababu tofauti yake haizidi siku moja au mbili. Kwa mbwa tofauti yaweza kufikia wiki nzima.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi kuanza na mzunguko wa uzazi wa mbwa jike. Mbwa aliyekomaa huwa tayari kuzaana mara moja au mbili tu kwa mwaka. (Basenji, mbwa ambaye asili yake ni Kongo, kwa kawaida huwa tayari mara moja tu.) Mwanzo wa kipindi hicho sehemu ya nje ya uke huvimba na kutoa majimaji yenye damu. Kwa muda wa siku 9 hivi mbwa huyo huwavutia madume lakini hakubali kupandwa. Kisha hukubali kwa siku nyingine 9 hivi, ingawa muda huu hutofautiana sana baina ya mbwa na mbwa. Wanafunzi wengi huilinganisha damu hiyo na hedhi ya mwanamke. Si hedhi. Hedhi hutoka baada ya yai kupita bila mimba, ambapo damu ya mbwa hutoka kabla ya mayai kuachiliwa, wakati homoni ya estrojeni inapozidi mwilini na kuutayarisha mji wa mimba.

Amri ya kuyaachilia mayai hutoka katika tezi pituitari, iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo humwaga katika damu kiasi kikubwa cha homoni iitwayo LH, na baada ya siku 2 hivi mayai hutoka katika ovari. Hapa ndipo mbwa anapotofautiana na karibu wanyama wote wa nyumbani. Yai la ng'ombe au la mbuzi likitoka huwa tayari kupokea mbegu ya dume. Yai la mbwa hutoka likiwa changa: mgawanyiko wa kwanza wa meiosisi haujakamilika, na kromosomu zake 78 bado ziko pamoja. Hukaa katika mrija wa mayai siku 2 au 3 likipevuka, na baada ya hapo huweza kutungishwa kwa muda wa siku 2 hivi.

Mbegu za dume nazo zina subira ya ajabu. Ndani ya mwili wa mbwa jike huweza kuishi siku 6 au 7, na mara nyingine zaidi. Kwa hiyo dume aliyepanda mapema mno aweza kuwa baba wa watoto waliotungwa wiki moja baadaye, na dume aliyechelewa aweza vilevile kuyakuta mayai ndiyo kwanza yamepevuka. Hata si ajabu watoto wa uzao mmoja wakawa na baba wawili.

Tuchukue mfano wa mbwa watatu ambao mayai yao yalitoka siku moja, tarehe 7 Machi. Wa kwanza alipandwa tarehe 2, wa pili tarehe 6, na wa tatu tarehe 11. Wote watatu wataelekea kuzaa karibu na tarehe 9 Mei, yaani siku 63 baada ya mayai kutoka. Lakini mwenye mbwa wa kwanza atahesabu siku 68, wa pili 64, na wa tatu 59, na kila mmoja ataapa kwamba hesabu yake ni sahihi. Mwaka 1983 Patrick Concannon na wenzake, huko Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya jambo hili. Walipohesabu tangu siku ya kupandwa mara ya kwanza, mimba zilichukua siku 57 hadi 72. Walipohesabu tangu LH ilipofikia kilele, tofauti karibu yote ilitoweka: mimba zilichukua siku 64 hadi 66. Saa ya mimba ya mbwa ni sahihi mno, ila haianzi kwenda pale mfugaji anapodhani.

Je, saa hiyo itasomwaje? Njia iliyo bora ni kupima projesteroni katika damu. Kwa wanyama wengi homoni hii huanza kupanda baada ya yai kutoka. Kwa mbwa huanza kupanda kabla. Wakati wa kilele cha LH huwa nanogramu 2 hivi katika kila mililita ya damu, na mayai yanapotoka hufika 5 hivi au kuzidi. Pasipo na maabara ya kupima homoni, hadubini ya kawaida yafaa. Daktari wa mifugo huchukua seli kutoka ukeni kwa pamba safi, huzipaka juu ya kioo na kuzitia rangi. Siku ambazo mbwa anakubali dume, karibu seli zote huwa bapa, zenye pembe kali kama vipande vya karatasi iliyochanwa. Kisha, kwa ghafula, seli za mviringo na chembe nyeupe za damu hurudi. Siku ya badiliko hilo ikiandikwa, kuzaa hutazamiwa siku 57 hivi baadaye.

Kuanzia hapo hatua za mimba hufuatana kwa utaratibu. Viinitete hubaki katika mirija ya mayai kwa wiki moja na zaidi, kisha huingia katika pembe mbili za mji wa mimba. Huko huelea na kuhamahama, hata kutoka pembe moja hadi nyingine, mpaka wapate nafasi zinazolingana. Ndipo katika wiki ya tatu hujishikiza. Kabla ya hapo hakuna mkono wala chombo kiwezacho kuthibitisha mimba. Karibu na siku ya 25 mashine ya mawimbi ya sauti huonyesha mioyo ikipiga, na daktari mwenye uzoefu huweza kupapasa tumbo na kuhisi vifundo vilivyotengana kama shanga kubwa katika uzi. Baada ya siku ya 35 hivi vifundo hivyo hukua na kugusana, na kupapasa hakusaidii tena. Mifupa huanza kuonekana kwa eksirei karibu na siku ya 45, lakini anayetaka kuhesabu vichwa ni heri angoje siku ya 55. Sehemu kubwa ya uzito wa watoto huongezeka katika wiki tatu za mwisho, na huo ndio wakati wa kuongeza chakula. Kumpa mbwa mjamzito madini ya kalsiamu ya ziada, kama wafanyavyo wengine kwa nia njema, huweza kuuzoesha mwili uvivu wa kuitoa kalsiamu mifupani, na mama akapatwa na degedege anyonyeshapo.

Tumbo na chuchu peke yake si ushahidi. Kwa mbwa, miili ya njano inayobaki katika ovari hutoa projesteroni kwa miezi miwili hivi, awe amepata mimba au hakupata. Ndiyo maana mbwa asiye na mimba huweza kuvimba chuchu, kutoa maziwa, kuchimba tandiko na kulinda kiatu kikuukuu kama mtoto wake. Kipimo cha projesteroni hakiwezi kuitenga mimba hii ya uongo na ile ya kweli. Kiwezacho ni kipimo cha relaksini, homoni itokayo katika kondo la nyuma, ambayo hupatikana katika damu karibu na mwisho wa mwezi wa kwanza.

Mwisho wa mimba hujitangaza kwa joto. Kwa kawaida joto la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Projesteroni inapoporomoka, joto nalo hushuka hadi nyuzi 37 na kidogo, na uchungu huanza kwa kawaida ndani ya saa 24. Kipimo kimoja hakitoshi. Joto lipimwe mara mbili au tatu kwa siku katika wiki ya mwisho na kuchorwa katika grafu. Ute wa kijani ni wa kawaida baada ya mtoto wa kwanza, kwani rangi hiyo hutoka katika kingo za kondo. Ukitoka kabla ya mtoto yeyote, kondo limebanduka, na daktari aitwe mara moja. Aitwe pia ikiwa mama amesukuma kwa nguvu nusu saa bila mafanikio, au ikiwa saa 2 zimepita baina ya mtoto na mtoto huku wengine wakiwa bado ndani.

Kwa zoezi la darasani: mbwa alipandwa mara moja tu, tarehe 10 Juni. Joto lake lilishuka tarehe 14 Agosti, akazaa tarehe 15. Mimba hiyo yaonekana kuwa ya siku 66. Wanafunzi watafute tarehe ambayo mayai yalitoka, kisha waeleze mbegu za dume zilingoja siku ngapi kabla mayai hayajapevuka.