Kujadili riwaya ya Kibiblia kwa njia ya simu: mfano wa Dina

Waandishi wengi wamechota hadithi zao katika Biblia. Thomas Mann alitoa vitabu vinne, kati ya 1933 na 1943, kusimulia upya habari za Yosefu. John Steinbeck aliipeleka habari ya Kaini na Abeli hadi California katika East of Eden (1952). Riwaya za namna hii huvuta wasomaji, na pia huvunja vikundi vyao. Katika kundi moja la WhatsApp mna Mkatoliki, Mprotestanti, Mkimbangu na muumini wa kanisa la uamsho. Mmoja akiandika "hii si kweli", hatujui kama anampinga mwandishi, Biblia au mwenzake. Somo hili linaonyesha namna ya kutenganisha mambo hayo matatu. Mfano wetu ni The Red Tent (Hema Jekundu), riwaya ya Mmarekani Anita Diamant iliyotoka 1997.

1. Kuanza na Biblia

Kabla ya kufungua riwaya, kila mmoja asome Mwanzo 34. Ni aya 31 tu. Kisha aulize: nani anasema, nani hasemi? Shekemu anaomba mke, Hamori baba yake anafanya mapatano, ndugu wanajibu kwa hila, Yakobo ananyamaza kwanza, baadaye analalamika. Dina, ambaye mambo yote yanatokea kwa ajili yake, hasemi neno hata moja. Baada ya sura hiyo jina lake linaonekana tena katika Mwanzo 46, kati ya watu wa Yakobo walioshuka Misri. Kundi liandike orodha ya mapengo: alitaka nini? Aliishi vipi baadaye?

2. Kutazama namna riwaya inavyojaza mapengo

Diamant anampa Dina nafsi ya kwanza: yeye ndiye msimulizi. Anamfanya mkunga, anampeleka Misri. Lakini badiliko kubwa liko kwingine. Biblia inasema Shekemu alimtwaa Dina na kumtweza. Riwaya inasimulia mapenzi ya wawili. Je, mwandishi amemrudishia Dina sauti, au amefuta uovu aliotendewa? Swali hili moja linatosha kwa jioni nzima.

3. Herufi tatu

Kila ujumbe uanze na herufi: B (Biblia inasema), R (riwaya inasema), M (mimi ninaona). Chukua swali linalosikika mara nyingi: "Kwa nini Dina alitoka nyumbani?" Aya ya kwanza inasema alitoka kuwaona binti za nchi, basi. Hiyo ni B. Anayeongeza kwamba alikuwa msichana asiyetulia ameshaingia katika M, hata kama amelisikia neno hilo mimbarini. Herufi hazimkatazi mtu kusema. Zinamlazimisha kujua anasema kwa jina la nani.

4. Ratiba na megabaiti

Umeme hukatika na megabaiti huisha, kwa hiyo mjadala usitegemee saa moja. Mwongozaji atoe swali moja kila siku, kwa siku tano, na kila mtu ajibu atakapopata mtandao. Ujumbe wa sauti usipite dakika moja. Nakala ya kitabu ikiwa moja, izunguke kwa zamu. Kila aliyesoma sehemu aandike muhtasari wake kwa Kiswahili. Kazi hiyo ni zoezi la lugha pia.

5. Tahadhari

Mashariki mwa nchi yetu ubakaji si jambo la vitabuni tu. Mwongozaji atangaze mapema siku ambayo Mwanzo 34 itajadiliwa. Anayetaka kunyamaza siku hiyo anyamaze bila kudaiwa sababu, na mtu asiulizwe habari za maisha yake. Tukimsikitikia Dina kwa kukosa sauti, tusimwumize dada aliye kati yetu.

Maswali ya mazoezi

a) Katika Mwanzo 34, taja tendo moja la kila mhusika mkuu, kisha uonyeshe ni nani anayetendewa tu.
b) Sura hiyo inaishia kwa swali la ndugu zake Dina. Andika jibu la Dina katika mistari kumi, kwa nafsi ya kwanza.
c) Badilishana andiko lako na mwenzako. Atie B au M kando ya kila sentensi yako.