Malipo Yamekwama? Kwa Nini Sisi Huharibu Mtandao Makusudi

Uko Gikomba. Umechagua jaketi ya shilingi 1,200, umeweka PIN, na kiduara kinazunguka. Kinazunguka weee. Mwishowe programu inakuandikia kwamba imeshindwa kuunganishwa. Muuzaji anakutazama, wewe unatazama simu, na nyuma yako kuna watu wanasubiri. Ulipe tena?

Wateja hutuuliza swali hili mara kwa mara. Jibu linategemea kitu ambacho huwezi kukiona ukiwa pale sokoni: mtandao ulikatika saa ngapi ya safari?

Maana malipo yana safari mbili. Agizo lako linatoka kwa simu, linapita kwa mlingoti, linafika kwa seva zetu. Seva inakata pesa, inamwekea muuzaji, halafu jibu linaanza kurudi kwako. Mtandao ukikatika wakati wa kwenda, hakuna pesa iliyotoka. Ukikatika wakati wa kurudi, pesa imeshatoka na wewe hujui. Kwenye kioo cha simu, mambo haya mawili yanafanana kabisa.

Zamani tulikuwa tunapima programu yetu kwa Wi-Fi ya ofisi, na ilikuwa inafaulu kila mara. Kumbe tulikuwa tunapima Wi-Fi! Hakuna mteja anayelipa nauli ya matatu akiwa ameketi ofisini kwetu. Siku hizi tunauharibu mtandao sisi wenyewe kabla ya kupima. Mfumo wa Linux una kifaa kiitwacho netem. Data husafiri ikiwa imekatwa vipande vidogo, yaani pakiti, na netem unaweza kukiambia kizicheleweshe pakiti hizo, kipoteze baadhi, kirudie nyingine, au kizifikishe zikiwa zimevurugika. Simu ya majaribio iko mezani, lakini mtandao inaoupata ni kama wa mtu aliye ndani ya lifti.

Hata hivyo tulianza vibaya. Tuliweka mtandao upoteze pakiti 2 katika kila 100, zikiwa zimetawanyika, na programu ikapita bila shida. Lakini mtandao wa kweli haupotezi kwa utaratibu namna hiyo. Ukishuka kwa duka lililo chini ya jengo, unapoteza pakiti zote kwa sekunde kadhaa, halafu ukipanda ngazi unazipata zote. Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1960 Edgar Gilbert wa Bell Labs, Marekani, alieleza namna ya kupiga hesabu ya laini yenye hali mbili, nzuri na mbaya, inayorukaruka kati yake. Netem kinaweza kuiga hali hiyo, na hapo ndipo tuliona aibu yetu.

Tulikata mtandao sekunde kumi, mara tu baada ya agizo kuondoka. Programu ilingoja jibu, haikulipata, ikatuma tena yenyewe. Seva ikaona maagizo mawili. Pesa ikatoka mara mbili. Bahati nzuri ilikuwa pesa ya majaribio, lakini fikiria ingekuwa karo ya mtoto.

Dawa yake haikuwa mtandao bora. Sasa simu hutengeneza nambari ya agizo kabla ya kutuma chochote, na kila inaporudia hutumia nambari ileile. Seva ikiona nambari ambayo imeshaishughulikia haikati pesa tena, inarudisha tu jibu lile la kwanza. Kwa hivyo ukiona kiduara bado kinazunguka, kiache kizunguke. Kurudia kwake hakukugharimu kitu.

Lakini ukifunga programu na kuanza malipo upya, hilo ni agizo jipya lenye nambari mpya. Seva haiwezi kujua kama umelipia jaketi moja mara mbili au umenunua jaketi mbili. Na kwa wale wanaotumia USSD, mambo ni hayo hayo: kikao kikikatika baada ya kuweka PIN, usidhani muamala umefutwa.

Kuna mtu atauliza, je, nikinunua bando ya kasi zaidi? Hapana, si lazima. Malipo ni data kidogo sana, picha moja ya WhatsApp ni nzito kuyashinda. Kinachoumiza ni muda wa kwenda na kurudi. Chukua laini ambayo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 600. Kwa njia ya zamani, itifaki ya TCP inahitaji mzunguko mmoja wa kusalimiana, kisha usalama wa TLS 1.2 unahitaji miwili. Hizo ni sekunde 1.8 kabla agizo lako halijaanza hata kuondoka. QUIC, itifaki iliyowekwa rasmi mwaka 2021, inaunganisha salamu na usalama katika mzunguko mmoja: sekunde 0.6. Tena simu ikihama kutoka Wi-Fi kwenda data, TCP hukatika, ilhali QUIC inaweza kuendelea. Ila kuna mitandao inayoizuia QUIC, kwa hivyo tunapima pia jinsi programu inavyorudi kwa TCP bila kukupotezea agizo.

Wewe pia unaweza kupima. Ukitumia programu za kupima kasi, usitazame Mbps pekee, tazama ile nambari yenye ms. Na upime pale unapofanyia biashara, saa ya wateja wengi, si nyumbani usiku wa manane.

Sasa turudi Gikomba. Usilipe tena kwanza. Angalia SMS, kisha salio, kisha orodha ya miamala yako, na umwombe muuzaji aangalie simu yake ya till, maana ujumbe wake unaweza kufika kabla ya wako. Ukikuta muamala umeandikwa "unasubiri", bado haujaamuliwa, ngoja. Ukikuta haupo kabisa na salio halijaguswa hata baada ya kungoja, hapo lipa upya. Na kama umeshalipa mara mbili, tupigie mara moja ukiwa na nambari za miamala yote miwili, kabla muuzaji hajaitoa pesa hiyo kwa wakala.