Ukiingia Katika Nyumba Yenye Taabu, Sikiliza Kwanza



Kila mutumishi anajua kutazama kofia, viatu na taa yake mbele ya kushuka chini ya udongo. Lakini kuna kitu kimoja kisichoonekana mulangoni mwa shimo: mawazo ambayo mutu ametoka nayo nyumbani. Baba ambaye watoto wake wamelala na njaa anashika mashini kwa mikono, lakini roho yake imebaki jikoni. Hatari inaanzia hapo. Kwa hiyo leo ukurasa wetu unaingia nyumbani.

Katika Katanga tunajua taabu. Wazee wanakumbuka siku za posho. Kisha zikaja shida za miaka ya 1990, na kuanzia 2003 watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi. Jamaa nyingi zilipaswa kujifunza kuishi bila mushahara wa mwezi.

Mutoto anasema kwa mwili wake

Mutoto hasemi: «Nina huzuni.» Anakojoa kitandani hali alikuwa ameacha. Anaumwa tumbo kila asubuhi. Anapigana, ao ananyamaza siku nzima. Anakimbia masomo.

Watu wengine wanasema upesi: «Mutoto huyu ni mulozi, ndiye aliyefukuza feza ya baba yake.» Hapana! Feza haikufukuzwa na mutoto. Katiba ya 2006 inakataza kumushitaki mutoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamuazibu mwenye kufanya hivyo.

Mufano

Tufikiri nyumba moja. Baba amekosa kazi. Kijana wa miaka kumi ameacha masomo, anakwenda kuosha mawe ya madini mutoni.

Jirani wa kwanza anasimama mulangoni: «Wewe mama gani? Unaacha mutoto apotee!» Mama anafunga mulango. Shauri limekwisha pale pale.

Jirani wa pili anakaa kwenye kiti kidogo, anashika majani ya sombe na kuchambua pamoja na mama. Kisha anauliza:

— Yaya, siku hizi munalala namna gani?

Mama ananyamaza. Jirani naye ananyamaza. Mwishoni mama anasema:

— Masomo hayalipishwi, ninajua. Lakini nguo yake ya masomo imepasuka, na wenzake walimucheka. Aliapa kwamba hatarudi.

Tazameni: tangu 2019 masomo ya musingi ya serkali ni bure, na jirani wa kwanza alizania kwamba mama ni muvivu. Kumbe ugonjwa ulikuwa haya! Nguo inaweza kushonwa, na mwalimu anaweza kuombwa akataze kicheko. Lakini nani angejua bila kusikiliza?

Namna ya kutembelea

1. Piga hodi, omba ruhusa. Kama ni saa ya kula, rudi kisha.

2. Keti pale unapoonyeshwa. Usizungushe macho kuhesabu vitu vya nyumba. Masikini anaona macho yako.

3. Uliza neno moja, kisha nyamaza. Mutu akilia, usimukataze.

4. Sema na mutoto vilevile, pahali mama anapowaona. Cheza naye, umupe kalamu achore. Katika muchezo mutoto anafungua kinywa.

5. Usihaidi feza usiyo nayo. Chagueni pamoja kazi moja ndogo ya juma hili: kushona nguo, kumupeleka mutoto kupimwa, kumuona mwalimu. Jamaa yenyewe ichague.

6. Chunga siri. Neno la nyumba hii lisifike kwenye bomba la maji.

7. Rudi siku uliyosema. Usiporudi, umeongeza jeraha.

Siri inapokoma

Kama mutoto anapigwa vibaya, kama amenajisiwa, kama mutu anasema anataka kujiua, usingoje kesho. Tafuta munganga ao asistanti sosiali siku hiyo hiyo, na mutu anayetaka kujiua asiachwe peke yake. Mwenye kunajisiwa afike hospitali mbele ya masaa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kukinga virusi vya sida inafaa kuanza mapema, na kisha masaa hayo haifai tena.

Neno kwa baba

Baba, usiseme: «Hii ni kazi ya wanamuke.» Ukirudi toka kazini, oga, keti, uite mutoto wako jina lake, umuulize siku yake ilikwenda namna gani. Kama feza imekosa, umuambie kwa maneno mafupi: «Feza ni kidogo, si kosa lako, tunatafuta pamoja.» Mutoto asiyeambiwa neno anajitungia lake, na mara nyingi anajitia kosa mwenyewe.

Hatuwezi kumaliza umasikini kwa kutembelea. Lakini nyumba ambayo mutu ameketi na kusikiliza haiko tena peke yake.

Basi, juma hili, tazama kofia yako, tazama viatu vyako, tazama pia mulango wa jirani yako.